Ulimi wa Wanawake katika Vitabu vya Waarabu wa Kale

Ufasaha wa wanawake una mlango wake katika fasihi ya Kiarabu ya zama za kati. Kuanzia karne ya 9 hadi ya 15, waandishi wa Baghdad, Basra, Cordoba na Cairo waliukusanyia vitabu, au wakautengea sura nzima ndani ya makusanyo makubwa ya adabu, yaani vile vitabu vya visa, mashairi, hotuba na hekima ambavyo kila aliyejihesabu msomi alipaswa kuvijua. Humo wanawake wanahutubia majeshi, wanawashitaki maliwali mbele ya khalifa, wanawaombolezea ndugu zao, wanasahihisha tungo za washairi wenye majina makubwa, na wanawachekesha watu hadi wakashika mbavu. Mabinti wa watawala wamo, na pia mabedui wa jangwani, wajakazi walionunuliwa sokoni, na vikongwe wa Madina wasiojali nani yuko karibu akisikia.

Sababu ya kwanza ya kukusanywa maneno hayo ilikuwa lugha yenyewe. Katika karne ya 8 na ya 9, wanalugha wa Basra na Kufa walikuwa wakitafuta Kiarabu safi, na waliamini kwamba kiko jangwani, kwa watu ambao hawajachanganyika na wageni wa mijini. Walisafiri kwenda kwa mabedui, au waliwangojea Mirbad, soko la nje ya Basra ambako misafara ilitua na washairi walishindana. Katika kazi hiyo kauli ya mwanamke bedui ilikuwa ushahidi sawa na ya mwanamume. Al-Asmai, mwanalugha mashuhuri wa Basra aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, ndiye msimulizi wa visa vingi vya namna hiyo. Katika kimoja anamsikia msichana jangwani akitamka beti nzuri, anaustaajabia ufasaha wake, naye msichana anamkemea: ufasaha gani huu mbele ya maneno ya Mungu, ambayo katika aya moja tu yamekusanya amri mbili, makatazo mawili na bishara mbili? Aya aliyoikusudia ni ile ya Suratul Qasas, kuhusu mama yake Musa na mtoto aliyetiwa mtoni. Bingwa wa lugha alikwenda kukusanya mifano, akarudi amefundishwa balagha.

Kitabu mashuhuri zaidi cha mlango huu ni Balaghat al-Nisa, Ufasaha wa Wanawake, cha Ibn Abi Tahir Tayfur wa Baghdad, aliyezaliwa karibu na mwaka 819 na kufariki 893. Kilikuwa sehemu ya kazi yake kubwa ya nathari na ushairi, ambayo imesalia vipande vichache tu. Baada yake, Ibn Abd Rabbih wa Cordoba (860–940) aliingiza hotuba nyingi za wanawake katika al-Iqd al-Farid, kitabu ambacho kila sehemu yake imepewa jina la kito. Abu al-Faraj al-Isfahani wa karne ya 10 aliwajaza waimbaji na washairi wanawake katika Kitab al-Aghani, kisha akawaandikia wajakazi washairi kitabu chao peke yao. Al-Marzubani, aliyefariki 994, alikusanya mashairi ya wanawake wa makabila. Al-Abi, waziri wa Rayy aliyefariki katika karne ya 11, aliwatengea nafasi kubwa katika Nathr al-Durr, pamoja na mizaha yao. Ibn al-Jawzi wa Baghdad, mwanachuoni mkali wa madhehebu ya Hanbali aliyefariki 1201, hakuona aibu kuandika sura ya wanawake werevu katika kitabu chake cha watu wenye akili, wala kuwataja tena katika kitabu chake cha wacheshi. Kutoka Ibn Abi Tahir hadi al-Suyuti wa Cairo, aliyefariki 1505 na kuacha kijitabu cha mashairi ya wanawake, ni zaidi ya miaka 600 ya kazi hiyo hiyo.

Mifano ya mwanzo inatoka katika zama za kabla ya Uislamu. Hind bint al-Khuss ni mhusika wa nusu historia, nusu hadithi: msichana anayeulizwa maswali na baba yake kuhusu ngamia bora, mvua, farasi na wanaume, naye hujibu kila swali kwa sentensi fupi zenye vina. Al-Khansa, wa Banu Sulaym, ni mtu wa historia kamili. Jina lake lilikuwa Tumadir bint Amr, na maombolezo aliyowatungia ndugu zake wawili, Sakhr na Muawiya, yamekuwa kipimo cha mashairi ya msiba katika Kiarabu mpaka leo. Inasimuliwa kwamba katika soko la Ukaz mshairi al-Nabigha al-Dhubyani, aliyekuwa mwamuzi wa mashindano, alimsifu kuwa hakuna mwanamke mshairi anayemfikia. Sifa hiyo haikumtosha, akamjibu kwa maneno makali ya mwilini kwamba hata wanaume hawamfikii. Msiba ndio uliomfanya maarufu, lakini jibu hilo linaonyesha mtu aliyejua thamani ya kazi yake.

Uislamu ulipokuja, mwanamke msemaji aliingia ndani ya Kurani yenyewe. Sura ya 58, al-Mujadila, imepewa jina kutokana na mwanamke aliyejadiliana na Mtume kuhusu mumewe aliyemwacha kwa kiapo cha kijahiliya. Wafasiri wanamtaja kuwa Khawla bint Thalaba. Asma bint Yazid wa Ansari alifika mbele ya Mtume kama mjumbe wa wanawake wenzake na kuuliza fungu lao katika thawabu za wanaume wanaokwenda jihadi na kusali jamaa, na vitabu vikampa lakabu ya msemaji wa wanawake.

Katika hadithi za Mtume kuna kipande kimoja ambacho kwa ucheshi hakina mfano, na kimo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim. Ni hadithi ya Umm Zar, iliyopokelewa kutoka kwa Bibi Aisha. Wanawake 11 walikaa wakaahidiana kwamba hakuna atakayeficha habari za mumewe. Wa kwanza akamfananisha wake na nyama ya ngamia aliyekonda, iliyowekwa kileleni mwa mlima: njia ya kupandia ni ngumu, na nyama yenyewe haina mafuta ya kumfanya mtu ataabike. Mwingine akasema akianza kumwelezea hatamaliza. Wa tatu alikuwa kwenye mtego: akisema ataachwa, akinyamaza atabaki akining'inia, si mke wala si mjane. Yuko ambaye mumewe hula akamaliza kila kilichopo, hunywa mpaka tone la mwisho, kisha hujifunika shuka lake peke yake. Lakini si wote waliolalamika. Mmoja alimsifu wake kwa ulaini na harufu njema, mwingine kwa ngamia wake ambao wakisikia tu mlio wa ala ya muziki hujua kwamba wageni wamefika na wao wanakwenda kuchinjwa. Wa mwisho, Umm Zar, alimsifu Abu Zar aliyemkuta katika familia ya kondoo wachache akampeleka kwenye nyumba ya farasi na ngamia, akamvika vito mpaka masikio yakalemewa. Kisha akasifu mama mkwe, mwana, binti na hata mjakazi wa nyumba hiyo. Abu Zar alimwacha akaoa mwingine, naye akaolewa na mtu mkarimu, lakini vyote alivyopewa na huyo wa pili havikujaza chombo kidogo kabisa cha Abu Zar. Mtume alimwambia Aisha kwamba yeye kwake ni kama Abu Zar kwa Umm Zar.

Kauli zote 11 zimesemwa kwa nathari yenye vina, na kwa maneno adimu kiasi kwamba wanalugha walizichambua neno kwa neno. Kadhi Iyad wa Ceuta, aliyefariki 1149, aliiandikia hadithi hii moja kitabu kizima cha ufafanuzi. Wanachuoni walitoa humo hukumu za fiqhi kuhusu ndoa, na vilevile mafunzo ya balagha. Kwamba mazungumzo ya wanawake barazani juu ya waume zao yalihifadhiwa katika vitabu vinavyoheshimiwa kuliko vyote baada ya Kurani ni jambo ambalo msomaji wa leo hapaswi kulipita kwa haraka.

Sehemu tajiri kuliko zote ya mlango huu, hata hivyo, iko Dameski, kwenye baraza la Muawiya, aliyetawala kuanzia 661 hadi 680. Mwaka 657 alikuwa amepigana na khalifa Ali katika vita vya Siffin, na upande wa Ali walikuwapo wanawake waliowahimiza wapiganaji kwa hotuba na mashairi. Ali akauawa, Muawiya akawa khalifa, na wanawake hao wakabaki raia wa adui yao. Vitabu vinasimulia jinsi walivyokwenda kwake, wengine kwa kuitwa na wengine kwa kushitaki, na jinsi alivyowakumbusha hotuba zao za Siffin akitaraji watetemeke. Hawakutetemeka. Visa hivi vilikusanywa mapema na msimulizi wa Basra, al-Abbas ibn Bakkar al-Dabbi, na baadaye vikaingia kwa Ibn Abi Tahir na Ibn Abd Rabbih.

Sawda bint Umara wa kabila la Hamdan alikuja kumshitaki Busr ibn Artat, jemadari aliyewaua watu wake na kuchukua mali zao. Muawiya akatishia kumrudisha kwa Busr juu ya ngamia mkali. Sawda akalia, kisha akasimulia habari ya mtawala mwingine: alimwendea Ali kumshitaki mkusanya zaka, akamkuta amesimama kusali, Ali akaacha alichokuwa nacho, akamsikiliza, akalia, akatoa kipande cha ngozi akaandika hapo hapo amri ya kumwondoa mtu huyo kazini. Hakumlinganisha Muawiya na Ali kwa neno hata moja. Muawiya akaamuru aandikiwe barua ya kurudishiwa haki. Sawda akauliza kama barua hiyo ni yake peke yake au ya watu wake wote. Khalifa akamwambia mambo ya wengine yanamhusu nini. Akajibu kwamba basi hilo litakuwa ovu na aibu ikiwa si uadilifu wa wote, na kama hauwezekani, naye atabeba wanayobeba wenzake. Barua ikaandikwa upya kwa ajili ya wote.

Darimiyya, mwanamke wa Banu Kinana aliyekaa Hajun huko Makka, aliitwa Muawiya alipokwenda kuhiji. Alikuwa mweusi na mnene, na khalifa akaanza kwa kumwita binti wa Hamu, yule mwana wa Nuhu aliyehesabiwa babu wa watu weusi. Darimiyya akamkatiza: kama ni kumtia aibu, yeye si wa Hamu, ni wa Banu Kinana. Akaulizwa kwa nini anampenda Ali na kumchukia Muawiya. Akaomba asamehewe kujibu, akakataliwa, basi akajibu kwamba alimpenda Ali kwa uadilifu wake kwa raia na kwa kugawa sawasawa, na anamchukia Muawiya kwa kumpiga vita aliyestahiki zaidi. Muawiya akaingia kwenye matusi ya maumbile, akasema ndiyo maana tumbo lake limefura na matiti yamekua. Darimiyya akamwambia kwamba kwa sifa hizo watu walikuwa wakimpigia mfano Hind, yaani mama yake Muawiya mwenyewe. Khalifa akarudi nyuma mara moja, akadai hakukusudia ila wema, kwa kuwa mwanamke mwenye tumbo kubwa huzaa mtoto aliyetimia.

Alipoulizwa haja yake akataka ngamia jike wekundu 100 pamoja na dume na wachungaji wao. Muawiya akauliza kama akimpa atakuwa kwake na daraja ya Ali. Jibu likawa: hata chini ya hapo. Akapewa, na khalifa akasema kwamba Ali angekuwa hai asingempa hata mmoja. Darimiyya akakubali kwa kiapo: asingempa hata unywele mmoja, maana ni mali ya Waislamu. Hapo mtoaji zawadi ndiye aliyebaki ameshitakiwa, na kwa kinywa chake mwenyewe.

Kisa hiki kinaonyesha kanuni ya visa vyote vya baraza hilo. Mwanamke hana jeshi, hana cheo, na upande wake umeshindwa. Muawiya naye anasifiwa na Waarabu kwa uvumilivu, ile hilm iliyohesabiwa tabia ya mtawala wa kweli, na uvumilivu hauonekani bila mtu wa kuujaribu. Kwa hiyo mtawala anahitaji jibu kali ili awe na la kusamehe. Wasimulizi wa upande wa Ali walivipenda visa hivi kwa sababu ndani yake Ali anashinda baada ya kufa. Wapenzi wa Banu Umayya, ukoo wa Muawiya, walivipenda kwa sababu khalifa wao anaonekana mkubwa wa moyo. Mahali ambapo uvumilivu huo haupo ni hotuba ya Zaynab bint Ali mbele ya Yazid, mwana wa Muawiya, baada ya mauaji ya Karbala ya Oktoba 680, ambako nduguye Husayn aliuawa. Ibn Abi Tahir ameihifadhi. Humo hakuna mzaha hata chembe: mateka aliyepoteza ndugu na wanawe anamwambia mshindi kwamba ushindi wake ni muda aliopewa tu ili dhambi yake ikue.

Kizazi kilichofuata kilileta wanawake waliofanya ulimi kuwa kazi yao. Layla al-Akhyaliyya, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 8, alijulikana kwa maombolezo ya Tawba ibn al-Humayyir, aliyempenda wakazuiwa kuoana, na kwa kurushiana mashairi ya kashfa na al-Nabigha al-Jadi. Khalifa Abd al-Malik alimwuliza uzeeni Tawba aliona nini kwake hata akampenda hivyo. Akajibu kwamba aliona kile ambacho watu walikiona kwa Abd al-Malik walipomfanya khalifa. Khalifa akacheka mpaka likaonekana jino lake jeusi ambalo alikuwa akilificha. (Jibu hilo hilo wengine wanampa Buthayna, mpenzi wa mshairi Jamil.) Mara nyingine Layla alimsifu al-Hajjaj, liwali mkali wa Iraki, naye al-Hajjaj akamwamuru mtumishi aende akamkate ulimi, akimaanisha ampe zawadi nono mpaka asiwe na la kusema zaidi. Mtumishi akaleta mpiga chuku na wembe wake. Layla ndiye aliyelazimika kumweleza maana ya msemo wa bwana wake na kumrudisha akaulize. Al-Hajjaj nusura amkate mtumishi ulimi wake mwenyewe.

Madina ya wakati huo ilikuwa mji wa muziki, mali na ucheshi, kwa kuwa siasa ilikuwa imehamia Shamu. Sukayna bint al-Husayn, mjukuu wa Ali, aliyefariki 735, anaonyeshwa katika Kitab al-Aghani akiwapokea washairi wakubwa wa zama zake na kuzihukumu tungo zao. Mmoja wao, Jarir, alikuwa ametunga ubeti ambamo taswira ya mpenzi inamjia usiku naye anairudisha kwa sababu si wakati wa kutembeleana. Sukayna akauliza ni wakati gani mzuri kuliko huo, na kwa nini hakuikaribisha kwa mkono. Kitabu hicho hicho kinasimulia kwamba alimwadhibu Ashab, mchekeshaji wa Madina aliyejulikana kwa tamaa, kwa kumlazimisha aatamie mayai mpaka yaanguliwe, na vifaranga vilipojaa nyumbani akaviita watoto wa Ashab. Wanachuoni wengi wa Kishia wanayakanusha masimulizi haya wakiyaona hayalingani na heshima ya mtoto wa Imamu Husayn, na pingamizi lao lina uzito, kwa sababu al-Isfahani alipokea kila kilichomfurahisha.

Humayda, binti wa sahaba al-Numan ibn Bashir, alitumia mashairi yake kuwapasha waume zake. Rawh ibn Zinba, mkuu wa kabila la Judham na mshauri wa khalifa, alijibizana naye ubeti kwa ubeti kuhusu ukoo wake, sura yake na hata nguo alizovaa, na vitabu vimeandika mashambulizi ya pande zote mbili kwa usawa. Mke wa Imran ibn Hittan, mshairi wa Khawarij, alichagua njia ya upole zaidi. Yeye alikuwa mzuri, mumewe mfupi mwenye sura mbaya. Akamwambia kwamba wote wawili ni watu wa peponi: mume amepewa mke kama yeye akashukuru, na yeye amepewa mume kama huyo akasubiri, na Mungu amewaahidi pepo wenye kushukuru na wenye kusubiri. Hukumu hiyo haina tusi, na haina pa kukata rufaa.

Baghdad ya Banu Abbas, ukoo uliotwaa ukhalifa baada ya Banu Umayya, ilibadili mahali pa ufasaha huo. Wanawake huru wa tabaka la juu walifungiwa zaidi ndani, na majibizano ya hadharani yakawa kazi ya wajakazi waliofunzwa. Wafanyabiashara waliwanunua wasichana wadogo, wakawasomesha sarufi, ushairi, muziki na adabu za baraza, kisha wakawauza kwa bei kubwa. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karibu na mwaka 868, aliandika risala nzima kuhusu waimbaji hao na biashara yao. Ulimi uliokuwa silaha ya Darimiyya sasa ulikuwa na bei sokoni, na jambo hili lazima likumbukwe kila visa vya Baghdad vinapochekesha.

Inan, mjakazi wa al-Natifi, alikuwa mshindani wa mshairi Abu Nuwas. Washairi waliingia kwake, mmoja akitoa mshororo au ubeti, naye akiukamilisha papo hapo kwa mizani na kina kilekile, na yeye na Abu Nuwas walirushiana matusi ya kishairi ambayo vitabu vya heshima havikuyaacha. Lakini Marwan ibn Abi Hafsa alipoingia siku moja alimkuta analia. Bwana wake alikuwa amempiga mijeledi. Mshairi akatunga ubeti unaoyafananisha machozi yake na lulu zinazodondoka kutoka uzini. Inan, machozi yakiendelea, akajibu kwa kina hicho hicho akiomba kwamba anayempiga kwa dhuluma mkono wake ukaukie kwenye mjeledi. Mgeni alileta sifa ya uzuri. Jibu likamrejesha kwenye mjeledi.

Fadl, aliyeletwa kwa khalifa al-Mutawakkil (847–861), aliulizwa kama kweli ni mshairi. Akajibu kwamba hivyo ndivyo wanavyodai waliomuuza na waliomnunua. Khalifa akacheka. Katika jibu hilo fupi unyenyekevu umewekwa mbele, na hali halisi ya mtu anayeuzwa imewekwa nyuma yake bila kufichwa. Fadl aliishi baadaye Samarra akiwa mmoja wa washairi waliotafutwa zaidi, na barua za ushairi kati yake na katibu Said ibn Humayd zimehifadhiwa kwa wingi.

Ulayya bint al-Mahdi (777–825), dada wa Harun al-Rashid kwa baba, alikuwa mtungaji na mwanamuziki, ila ndani ya kasri tu. Alimtungia mashairi mtumishi aitwaye Tall, na Harun akamwapisha asilitaje jina hilo tena. Siku moja khalifa akamsikia anasoma Suratul Baqara, na alipofika kwenye aya ambayo neno hilo, lenye maana ya manyunyu, limo ndani yake, Ulayya akaliruka na mahali pake akasema: lile ambalo Amiri wa Waumini ametukataza. Harun akaingia, akambusu kichwani, akampa Tall. Kutii amri kwa ukamilifu uliopitiliza kulimfanya mtoa amri aone ukali wa amri yake.

Si wanawake wote wa vitabu hivi wenye majina. Sehemu kubwa ya mizaha imeandikwa kwa jina la mwanamke mmoja, mjakazi fulani, kikongwe fulani. Mmoja alimchukua al-Jahiz, mtu aliyejulikana kwa macho yaliyotoka nje, akampeleka hadi kwa sonara, akasema tu: kama huyu, akaenda zake. Sonara akaeleza kwamba mwanamke alitaka pete yenye sura ya shetani, naye alikuwa amemwambia hajapata kumwona shetani. Inasimuliwa kwamba al-Jahiz mwenyewe ndiye aliyekuwa akikieneza kisa hicho. Mwingine aliposwa na mzee, akamwambia kwamba ana mvi kichwani. Mzee akageuza mnyama wake kuondoka, naye akamwita na kumweleza kwamba hajafika hata miaka 20, alitaka tu ajue kwamba yeye naye huchukia kwa mume kile ambacho mume huchukia kwake. Mizaha mingine ni ya chumbani, na al-Abi, waziri mwenye heshima zake, aliinukuu kama ilivyo. Wasomi wa zama hizo waliona kwamba bidii huhitaji mzaha ili moyo usichoke, na hawakuwaondoa wanawake katika kanuni hiyo.

Andalusia iliendeleza mkondo huu kwa namna yake. Wallada, binti wa al-Mustakfi, khalifa wa Cordoba aliyeuawa 1025, hakuolewa maisha yake yote, alifungua baraza la washairi, na alivaa joho lililotariziwa beti zake mwenyewe mabegani. Mapenzi yake na Ibn Zaydun (1003–1071) yalizaa mashairi makubwa. Kuvunjika kwa mapenzi hayo kulizaa kejeli kali, ambamo Wallada alimwandikia mpenzi wake wa zamani orodha ya aibu sita. Ibn Zaydun, kwa upande wake, aliandika barua ya dhihaka kwa hasimu wake Ibn Abdus akijifanya Wallada ndiye anayeandika. Barua hiyo iliheshimiwa sana kama kazi ya fasihi, hata Ibn Nubata wa karne ya 14 akaitungia kitabu cha ufafanuzi. Nazhun wa Granada, wa karne ya 12, alikuwa akisoma na mshairi kipofu al-Makhzumi wakati mgeni, al-Kutandi, alipoingia na kumtaka kipofu akamilishe mshororo unaoanza hivi: kama ungemwona unayezungumza naye. Al-Makhzumi akafikiri kwa muda, hakupata. Nazhun akaukamilisha mara moja kwa kujisifu: angekuwa bubu kwa mng'aro wa mapambo ya miguu yake. Hafsa bint al-Hajj, wa mji huo huo, alimwombolezea mpenzi wake Abu Jafar ibn Said aliyeuawa na watawala mwaka 1163, kisha akaishia Marrakesh akiwasomesha mabinti wa kifalme.

Hadithi za burudani nazo zilimchukua mwanamke huyu msemaji. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua kupitia Alfu Lela Ulela, ambamo Shahrazad ananunua uhai wake usiku kwa usiku kwa masimulizi. Ndani ya mkusanyo huo yumo Tawaddud, mjakazi wa kijana aliyefilisika, anayepelekwa mbele ya Harun al-Rashid na kuwashinda mafakihi, matabibu, wanajimu na mabingwa wa sataranji, kila anayeshindwa akivuliwa joho lake. Mmoja wa walioshindwa ni Ibrahim al-Nazzam, mwanafalsafa wa kweli wa Basra aliyekuwa mwalimu wa al-Jahiz. Kisa hicho kilivuka kwenda Hispania, ambako Tawaddud aliitwa Teodor na kusomwa kwa karne nyingi.

Swali la nani hasa alisema nini haliwezi kukwepwa. Vitabu vyote vilivyotajwa viliandikwa na wanaume, mara nyingi miaka 200 au zaidi baada ya matukio. Jibu moja hupewa wanawake wawili tofauti, visa vya Muawiya vinafanana kwa mpangilio kupita kiasi, na barua ya Ibn Zaydun inathibitisha kwamba mwanamume hodari aliweza kuivaa sauti ya mwanamke. Hakuna haja, hata hivyo, ya kuyatupa yote. Mashairi ya al-Khansa, Layla, Inan, Fadl na Wallada yana wapokezi wengi na mtindo unaotofautiana. Na hata pale maneno yalipotengenezwa na msimulizi, bado yanaonyesha jambo la hakika: hadhira ya Baghdad na Cordoba iliona ni sawa, tena ni fahari ya lugha yao, mwanamke amshinde khalifa kwa hoja na khalifa akubali kushindwa.

Mwishoni mwa karne ya 19, Zaynab Fawwaz, mwandishi mwenye asili ya Lebanoni aliyeishi Misri, aliyarudia makusanyo haya alipoandika kamusi yake kubwa ya maisha ya wanawake, naye akawa mwanamke anayewaandika wanawake hao. Balaghat al-Nisa yenyewe ilichapwa Cairo mwaka 1908, zaidi ya miaka 1,000 baada ya Ibn Abi Tahir kufariki, na tangu hapo imekuwa ikichapwa upya.